Pango ni Nyumba ya Nani?

Msikilizaji, mnamo mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika, huko magharibi mwa mkoa wa Kagera, yalipandishwa hadhi yakawa hifadhi za taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Jambo hilo lilikuwa la heri kwa wilaya za Karagwe na Kyerwa, maana kwa muda mrefu mtalii aliyetua nchini alikwenda Arusha, akavuka Unguja, kisha akarudi kwao bila hata kusikia kwamba kuna mahali panaitwa Karagwe. Lakini hifadhi ikishapatikana huzaa swali. Mgeni akishawatazama wanyama, aonyeshwe nini siku ya pili? Hapo ndipo watu huanza kuhesabu walicho nacho: kilima hiki, chemchemi ile, makao ya mfalme fulani, na, katika nchi ya milima na miamba, mapango.

Pango huonekana kuwa kivutio cha rahisi. Halili majani, halikimbii, wala majangili hawana haja nalo. Kwa mawazo ya wengi, kinachotakiwa ni kufyeka njia, kusimamisha kibao, kumpa kijana mmoja tochi, na kuanza kukata tiketi. Katika mazungumzo yetu ya juma hili tutajaribu kuonyesha kwamba kazi haianzii hapo. Inaanzia kwenye swali ambalo watu wa nchi hiyohiyo walikuwa nalo kabla tiketi haijajulikana duniani: je, anayeingia pangoni anaingia nyumbani kwa nani?

Wanyambo wa Karagwe na ndugu zao Wahaya wanayo simulizi ya Wamara, wa mwisho miongoni mwa wale Bachwezi wanaosemekana kuitawala nchi ya maziwa makuu kabla ya koo za kifalme tunazozijua. Ruhinda, aliyeanzisha ukoo wa Abahinda uliotawala Karagwe, hutajwa katika simulizi kuwa mwanawe. Kila msimulizi anayo namna yake, lakini kiini cha habari ni hiki. Wamara na wenzake, akina Irungu na Mugasha, walishuka chini ya ardhi wakafika katika ufalme wa Kintu. Kintu akawapokea kwa wema. Akawapa mifugo na mbegu, akawaaga. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba wakifika kwao wasisahau kurudi kutoa shukrani. Wakapanda juu, wakaneemeka, wakasahau. Kintu alipochoka kungoja alimtuma mjumbe awafuate, na jina la mjumbe huyo ni Rufu, yaani Kifo.

Tutarudi kwa Rufu baadaye. Kwa sasa tukumbuke tu kwamba katika simulizi hiyo nchi ya chini ina mwenyewe, ina adabu zake, na mgeni huweza kutoka nayo kitu ambacho hakukiomba.

Isidhaniwe pia kwamba Karagwe ni ngeni kwa wageni. Mwezi Novemba mwaka 1861 Waingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika Bweranyange, kwa Mfalme Rumanyika, wakapokewa kwa ukarimu uliowashangaza. Speke alipoendelea na safari ya Uganda mwezi Januari mwaka 1862, Grant alibaki nyuma kwa sababu ya mguu uliomwuma, akauguzwa Karagwe hadi mwezi Aprili. Mwaka 1876 akaja Henry Morton Stanley. Naye aliomba apelekwe kuona chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo leo zimo katika wilaya ya Kyerwa. Aliwakuta wenyeji wagonjwa wamekuja kuoga, naye akaoga. Ukipenda unaweza kumwita Stanley mtalii wa kwanza kuandikwa katika nchi ile, ingawa kwa tabia zake kwingineko sidhani kama tungependa kumweka kwenye tangazo la utalii.

Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Huko Mtagata mambo yalikuwa kinyume: mwenyeji alikuwa amekwenda kupona, mgeni akamfuata. Na mahali pale palikuwa na sifa na utaratibu wake kabla Stanley hajaandika neno hata moja.

Sasa tutoke Kagera twende upande wa pili wa nchi, Tanga, tukajifunze kwa waliotangulia. Mapango ya Amboni yapo kiasi cha kilomita 8 kaskazini ya jiji la Tanga, kando ya barabara iendayo Horohoro na Mombasa. Ni mapango ya mawe ya chokaa, na miamba yenyewe ilijengeka chini ya bahari yapata miaka milioni 150 iliyopita. Maji yakaitafuna polepole hadi ikapatikana nyumba kubwa yenye vyumba, varanda na dari. Ndani yake matone ya maji yenye chokaa yamejenga maumbo, na mwongoza wageni humulika tochi akakuonyesha mamba, tembo, meli, kochi la kukalia. Ukitazama kwa nia njema utayaona yote.

Mwaka 1922 eneo hilo lilikuwa mikononi mwa kampuni ya mkonge ya Amboni, mwaka 1937 Waingereza wakaliweka chini ya hifadhi, na mwaka 1963, Tanganyika ikiwa imekwisha kujitawala, likakabidhiwa Idara ya Mambo ya Kale. Katika miaka ya karibuni usimamizi umepewa Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro. Kwa hiyo Amboni si kivutio cha jana. Vizazi vitatu vya wanafunzi wa Tanga vimepita mle ndani, vikatoka na vumbi magotini na hadithi mdomoni.

Hadithi iliyo mashuhuri kuliko zote ni kwamba pango halina mwisho. Wengine husema linatokea Mombasa. Wengine husema Wazungu wawili waliingia na mbwa wao wakapotea, kisha mbwa akaja kuonekana Kilimanjaro. Mwaka 1994 wapimaji wa Kijerumani na Kituruki waliingia na vifaa vyao wakapima. Wakakuta mapango 10, na lililo refu kuliko yote lilikuwa na kama mita 900. Mita 900 ni mwendo wa robo saa kwa mtu asiye na haraka. Kufika Mombasa zinabaki kilomita nyingi.

Je, hadithi ya mbwa ilikoma? Haikukoma, nayo ingali ikisimuliwa. Wala sioni vibaya mgeni kuchekeshwa kidogo akiwa gizani. Ubaya unakuja pale hadithi ya mbwa inapokula muda wote wa safari, ikabaki dakika mbili kwa mambo ya kweli ambayo ni makubwa kuliko hayo. Maana katika Amboni ipo sehemu ya mzimu, ambako watu wa Tanga, Wadigo, Wabondei, Wasambaa na Wasegeju, wamekuwa wakipeleka maombi na sadaka zao. Anayekwenda kuomba mtoto hakwenda kutalii. Mgeni anayepita pale na kamera yake angestahili kuelezwa hivyo mapema, na kwa sauti ya chini.

Na ipo habari ya Osale Otango. Katika miaka ya 1950, wakati vita vya Mau Mau vikiendelea nchi jirani ya Kenya, mtu huyu na mwenzake Paulo Hamisi walijificha katika mapango yale huku serikali ya kikoloni ikiwasaka. Kwa serikali walikuwa majambazi. Kwa watu wengi wa vijijini Otango alikuwa shujaa anayewanyang'anya wenye mali na kuwagawia maskini. Hapo pana historia ya kweli ya kubishaniwa, yenye mashamba ya mkonge, vibarua, mpaka wa nchi mbili, na askari wanaomtafuta mtu mmoja katika nchi iliyojaa mashimo. Pango limeendelea kuwa maficho hata katika wakati wetu. Mwezi Februari mwaka 2015 vyombo vya dola vilipambana na watu wenye silaha katika mapango ya eneo hilohilo la Amboni, na mwanajeshi mmoja akapoteza maisha. Pango lililokuwa likihadithiwa watoto wa shule likarudi ghafla kuwa kile ambacho mapango yamekuwa siku zote kwa mtu anayekimbia.

Pengine mtu atasema kuwa hadithi za uongo hazimdhuru mtu. Basi twende Unguja, Mkunazini, mahali palipokuwa na soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa mwezi Juni mwaka 1873, baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba chini ya shinikizo la Waingereza. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ikapata kiwanja, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Kando ya kanisa lipo jengo ambalo chini yake mna vyumba viwili vifupi, vyenye giza na joto. Kwa miaka mingi wageni wamekuwa wakiingizwa mle, wakaambiwa hapa ndipo watumwa walipobanwa kwa siku kadhaa kabla ya kuuzwa. Wageni hutoka wakifuta machozi.

Tatizo ni kwamba jengo lile lilijengwa na misheni kuwa hospitali, baada ya soko kufungwa. Wanahistoria wa Zanzibar wamelieleza jambo hilo mara nyingi, kwamba vyumba vile vinafuata msingi wa hospitali na havikuwapo wakati wa mnada. Hili halipunguzi hata chembe ya ukatili uliofanyika Mkunazini. Watu waliuzwa pale, juu ya ardhi, mchana, mbele ya macho ya mji mzima. Na hilo, kwa maoni yangu, linatisha kuliko chumba cha giza. Chumba cha giza humpa mgeni nafuu ya kudhani kwamba uovu ule ulifanyika kwa kificho.

Kificho kilikuja baadaye, na mahali pake papo. Huko Mangapwani, kaskazini ya mji, kuna chumba kilichochongwa katika mwamba wa matumbawe na kuezekwa kwa mawe, ambacho husimuliwa kwamba kilitumika kuwaficha watu waliokuwa wakisafirishwa kwa magendo baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku. Karibu nacho lipo pango la asili lenye maji matamu. Wageni huyachanganya mawili hayo, na waongozaji wengine hawajisumbui kuwatenganishia. Nayo ni mambo mawili. Pango ni kazi ya maji na wakati. Chumba ni kazi ya mtu aliyejua anachokifanya na aliyejua kuwa kimekatazwa. Kijana anayeweza kumsimamisha mgeni kati ya mahali hapo pawili na kumweleza tofauti hiyo amekwisha kufanya kazi kubwa kuliko minyororo yote ya maonyesho.

Ukweli wa mapango hauna haja ya chumvi, msikilizaji. Tazama Kuumbi, huko kusini-mashariki ya Unguja, karibu na Jambiani. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba humo, na wengine wakachimba baada yake. Chini ya sakafu ya pango walikuta mabaki ya watu walioishi humo yapata miaka 20,000 iliyopita, pamoja na mifupa ya wanyama waliokula. Kati ya wanyama hao wamo pundamilia na nyati. Pundamilia Unguja! Hawakuja kwa jahazi. Wakati huo bahari ilikuwa imeshuka na Unguja ilikuwa sehemu ya bara, mtu akitembea kwa miguu kutoka upande wa Bagamoyo. Wataalamu wanabishana juu ya mengine yaliyopatikana katika pango hilo, kama vile lini kuku alifika huko, na ubishi huo nao ni mali. Mgeni mwenye akili hupenda kuambiwa kwamba jambo bado linabishaniwa.

Au tazama Panga ya Saidi, katika kaunti ya Kilifi huko Kenya. Ni pango ambalo Wamijikenda wa huko wameliheshimu na kulitumia kwa mambo ya ibada. Wachimbaji wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya walikuta humo mifupa midogo iliyooza kiasi kwamba haikuweza kuguswa kwa mkono. Waliizungushia plasta wakaitoa pamoja na udongo wake, ikasafirishwa hadi maabara nchini Hispania. Mwaka 2021 dunia ikatangaziwa: ni mtoto wa umri wa kama miaka 2 na nusu hadi 3, aliyelazwa kwa ubavu, amekunja miguu, amefunikwa, katika kaburi dogo lililochimbwa makusudi miaka 78,000 iliyopita. Katika Afrika nzima hakujapatikana kaburi la mtu kama sisi lililo kongwe kuliko hilo. Watafiti walimpa jina la Kiswahili, Mtoto. Mtu aliyelichimba kaburi lile alikuwa na uchungu ambao mzazi yeyote anayenisikiliza anaujua. Sasa niambie, mbwa aliyetokea Kilimanjaro atafaa nini hapo?

Lakini fikiria kama pango lile lingefunguliwa kwa watalii miaka 50 kabla ya wachimbaji, sakafu ikasawazishwa kwa jembe ili wageni wasijikwae, na udongo ukatupwa nje kwa toroli. Kila pango ambalo halijachunguzwa linaweza kuwa na Mtoto wake. Sakafu ya pango ndiyo kitabu chenyewe, na hicho hakichapwi tena. Kwa sababu hiyo, kufagia pango kabla ya mtaalamu wa mambo ya kale kulitazama ni uharibifu, hata kama aliyefagia alikuwa na nia ya usafi.

Hadi hapa tumesema juu ya wafu. Sasa tuseme juu ya walio hai, maana pango lina wakazi wengine, nao ni popo.

Magharibi ya Uganda, katika msitu wa Maramagambo ulio ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth, kuna pango ambalo watalii hulijua kwa jina la chatu. Chatu wanaishi humo kwa sababu chakula chao kipo tele. Popo wala matunda wapatao 40,000 walikuwa wakining'inia darini. Wageni walikuwa wakiingia, wakipanda juu ya mawe yaliyojaa kinyesi cha popo, wakipiga picha. Mwezi Desemba mwaka 2007 mwanamke mmoja Mmarekani aliingia. Aliporudi kwao aliugua sana, akapona, na madaktari hawakujua aliumwa nini hadi mwaka 2009. Mwezi Juni mwaka 2008 aliingia mwanamke mmoja wa Uholanzi. Mwezi Julai alifariki huko kwao. Ugonjwa uliomwua ni homa ya Marburg.

Jina hilo lisitudanganye kuwa ni maradhi ya Ulaya. Marburg ni mji wa Ujerumani ambako mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara waliugua baada ya kushughulika na tumbili walioletwa kutoka Uganda. Wengine waliugua Frankfurt, na wengine Belgrade katika Yugoslavia ya wakati huo. Walioambukizwa wote walikuwa 31, wakafa 7. Baada ya hapo maradhi yakaonekana tena na tena karibu na mapango na machimbo. Mwaka 1980 Mfaransa mmoja aliyekuwa akifanya kazi magharibi ya Kenya alifariki Nairobi, na mwaka 1987 akafariki kijana wa Kidenmark wa miaka 15. Wote wawili walikuwa wamelitembelea pango la Kitum katika Mlima Elgon, pango maarufu kwa sababu tembo huingia humo usiku kukwangua chumvi ukutani kwa pembe zao. Kitum ni mojawapo ya maajabu ya Afrika Mashariki. Limebaki kuwa ajabu, na limebaki kuwa pango lenye popo.

Virusi vya Marburg hukaa ndani ya popo wala matunda bila kuwaumiza. Hutoka kwa mate, mkojo na kinyesi. Mtu anayepapasa ukuta wenye uchafu huo kisha akajifuta uso, au anayekula tunda lililong'atwa, hana njia ya kujua kwamba amekwisha kubeba kitu. Wageni hawa walikuja kuona, wakalipa, wakashukuru, wakaondoka. Na kuna mjumbe aliyewafuata hadi nyumbani kwao ng'ambo ya bahari. Wazee wa Karagwe walikuwa wamekwisha kumpa jina.

Sisemi haya ili kutisha. Nayasema kwa sababu mkoa tunaouzungumzia ni Kagera. Mwezi Machi mwaka 2023 Tanzania ilitangaza kwa mara ya kwanza mlipuko wa Marburg, katika wilaya ya Bukoba. Watu 9 waliugua, 6 wakafariki, na mwezi Juni ikatangazwa kuwa umekwisha. Mwezi Januari mwaka 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mlipuko wa pili, safari hii katika wilaya ya Biharamulo. Wagonjwa 2 walithibitishwa na maabara, 8 wengine wakahesabiwa kuwa walikuwa nao kwa dalili na mazingira, na wote 10 walifariki. Mlipuko huo ulitangazwa kumalizika mwezi Machi mwaka huohuo. Simhukumu popo wala pango lolote la Kagera kwa misiba hiyo. Nasema tu kwamba mkoa ambao umezika watu wake mara mbili katika miaka miwili haupaswi kumpeleka mgeni, wala kijana wake mwenye tochi, katika pango ambalo halijapimwa popo wake.

Kijana mwenye tochi ndiye ninayemwogopea zaidi. Mtalii huingia mara moja katika maisha yake. Mwongozaji huingia mara tatu kwa siku, msimu mzima, kisha jioni anarudi nyumbani kwa mkewe na watoto wake na viatu vilevile.

Na lisije likatolewa shauri la kuwaua popo. Shauri hilo limekwisha kujaribiwa. Katika machimbo ya Kitaka, magharibi ya Uganda, wachimbaji waliugua Marburg mwaka 2007, kisha popo wapatao 100,000 wakaangamizwa. Popo wengine walihamia taratibu kwenye nyumba ile iliyobaki tupu. Mwaka 2012, walipopimwa, wenye virusi walikuwa zaidi ya 13 katika kila 100, ambapo kabla ya mauaji walikuwa kama 5. Mwaka huohuo maradhi yalizuka tena katika sehemu hizo. Pia popo hao ndio wanaosambaza mbegu na kuchavusha miti, kwa hiyo mkulima aliyewaua amejiadhibu mara mbili.

Waganda walifanya nini basi na pango la chatu? Walilifunga. Kisha, kwa msaada wa wataalamu wa Marekani wa kudhibiti magonjwa, wakajenga jukwaa la kutazamia lililo mbali na mdomo wa pango. Mgeni husimama pale akaona popo kwa maelfu na, akiwa na bahati, akamwona chatu akingoja chakula chake. Analipa. Anapiga picha. Haingii. Utalii haukufa kwa sababu hiyo, na yeyote anayedhani kwamba lazima mgeni aguse ndipo aridhike angekwenda kuwatazama wageni wale kwenye jukwaa.

Kwa hiyo, kwa Karagwe na Kyerwa, na kwa halmashauri nyingine yoyote inayofikiria mapango yake, utaratibu hauna siri. Kwanza waingie wataalamu wa afya na wa wanyamapori, wakiwa wamevaa wanavyopaswa, waseme ni popo gani wamo na wamebeba nini. Wafuate wa Mambo ya Kale, waitazame sakafu kabla haijaguswa na ufagio. Baada yao ndipo zije habari za ngazi, choo, kibao na tiketi, na hapo pia kuna la kuuliza: fedha zitakwenda wapi? Huko Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, pango la historia ya utumwa husimamiwa na wanakijiji wenyewe, na mapato husaidia shughuli za kijiji. Mahali ambapo mwanakijiji hapati kitu, pango hugeuka kuwa mahali pa kuchimba mbolea ya popo au kutafuta hazina ya Wajerumani, ugonjwa mwingine ambao Tanzania bado haijaupatia dawa.

Limebaki la wazee. Historia ya Karagwe iliyoandikwa na Waingereza J. Ford na R. de Z. Hall, ikachapishwa mwaka 1947 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, ni ya Kiingereza, na ni watu wachache wa Kyerwa waliowahi kuishika mkononi. Simulizi zenyewe, za Wamara, za Ruhinda, za kila kilima na kila shimo na jina lake, zimo vichwani mwa watu wenye umri wa miaka 80 na zaidi. Kibao cha kivutio kinaweza kuchorwa mwaka ujao au mwaka wa kesho kutwa. Wazee hao hawatangoja hadi kichorwe. Halmashauri ikitaka kuanza leo, kabla ya wataalamu na kabla ya fedha, inahitaji daftari, kinasa sauti, na kijana anayekijua Kinyambo vizuri na asiyemkatiza mzee maneno.